Yoti ya Marais Iliyouzwa kwa Dola Sifuri

Novemba 2016, Mahakama ya Chancery ya jimbo la Delaware, Marekani, ilitoa hukumu iliyowachekesha wengi waliosoma magazeti wiki ile. Jaji Sam Glasscock aliamua kwamba kampuni iliyokuwa ikiidai yoti inayoitwa Sequoia inaweza kuinunua kwa dola sifuri. Hakuwa anatania. Mkataba ulisema gharama za matengenezo zikatwe kwenye bei, na zilipokatwa hakikubaki kitu. Humo humo kwenye hukumu jaji akaeleza hali ya chombo: kimepandishwa nchi kavu Virginia, kwenye reli ndogo ya kupandishia vyombo isiyokitosha, kinaoza, na rakuni wamehamia ndani. Rakuni ni mnyama wa kule, mkubwa kama paka aliyeshiba, mwenye alama nyeusi usoni kama mwizi wa kwenye katuni.

Sasa, chombo hicho hicho ndicho Franklin Roosevelt alichopumzikia, John Kennedy akakifanyia karamu yake ya mwisho ya kuzaliwa, na Richard Nixon akakaa na familia yake siku chache kabla ya kujiuzulu. Nimeisoma habari ya Sequoia mara nyingi, na kila nikirudi kinachonivuta si marais. Ni bei. Chombo cha mbao kinapotangazwa kuuzwa huwa kinasema ukweli fulani kuhusu mwenye nacho, na huyu mwenye nacho alikuwa dola kubwa kuliko zote duniani.

Tuanze na mbao. Sequoia ilijengwa mwaka 1925 Camden, New Jersey, kwenye kiwanda cha Mathis. Aliyeichora ni John Trumpy, mzaliwa wa Norway, ambaye jina lake hadi leo likitajwa mbele ya wapenzi wa yoti za zamani unaona macho yanabadilika. Ina urefu wa futi 104, yaani karibu mita 32. Mwili wake ni wa msonobari wa kusini mwa Marekani, ule wenye sindano ndefu, mti mgumu uliojaa utomvu. Juu, vyumba vya sitaha vilipambwa kwa mahogani na mtiki. Si yoti ya kutisha kwa ukubwa. Ni ndefu, nyembamba, ya chini chini, imechorwa kwa ajili ya mito na ghuba, siyo kwa mawimbi ya bahari kuu.

Walioiagiza walikuwa matajiri wa Philadelphia, Richard Cadwalader na mkewe Emily, ambaye kwao ni Roebling, ukoo uliojenga daraja la Brooklyn. Hapa nichepuke kidogo. Emily huyu hakutosheka. Baadaye aliagiza yoti nyingine Ujerumani, Savarona, ikakamilika 1931, ya chuma, mara nne ya ile ya kwanza kwa urefu. Mwaka 1938 serikali ya Uturuki ikainunua kwa ajili ya Atatürk, ambaye aliitumia wiki chache tu, mgonjwa tayari, kabla ya kufariki Novemba mwaka huo. Mama mmoja, vyombo viwili, na vyote viwili vikaishia mikononi mwa marais. Sijui kama kuna mwanamke mwingine mwenye rekodi hiyo.

Jina Sequoia lenyewe nalo lina kisa ambacho wapenda vitabu hatupaswi kukipita. Ni jina la mti mkubwa wa California, na wengi wanalihusisha na Sequoyah, Mcherokee ambaye hakujua kusoma lugha yoyote lakini kufikia 1821 alikuwa amewabunia watu wake mfumo mzima wa maandishi, zaidi ya herufi themanini, kila moja ikibeba silabi. Kwa hiyo marais wa Marekani walikuwa wakistarehe ndani ya jina la mtu ambaye taifa lake lilifukuzwa kwenye ardhi yake na serikali hiyo hiyo mwaka 1838.

Serikali iliipata yoti mwaka 1931. Iliyoinunua ni Wizara ya Biashara, na kazi yake rasmi ilikuwa doria. Ulikuwa wakati wa marufuku ya pombe, na boti yenye sura ya kitajiri ilikuwa mtego mzuri: mfanyamagendo akiiona anadhani ni mteja. Rais Herbert Hoover, ambaye kabla ya urais aliwahi kuongoza wizara hiyo, akaanza kuiazima kwa uvuvi. Na hii ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapanga foleni za supu. Kwa maoni yangu hapo ndipo aibu ya chombo hiki ilipozaliwa, na haikuwahi kuondoka.

Roosevelt alipoingia madarakani 1933, jeshi la wanamaji likaichukua Sequoia rasmi kuwa yoti ya rais. Haikukaa muda. Watu wa usalama waliogopa moto. Rais hawezi kutembea kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza, halafu unamweka ndani ya mbao zilizojaa utomvu? Mwaka 1936 akahamishiwa kwenye Potomac, meli ya chuma iliyokuwa ya walinzi wa pwani. Sequoia ikabaki kwa waziri wa wanamaji, na marais waliofuata wakawa wanaiazima wakitaka.

Lakini hebu tazama yaliyoipata hiyo Potomac ya chuma. Iliuzwa, ikapita mikono mbalimbali, mwaka 1964 ikanunuliwa na Elvis Presley, ambaye aliitoa kwa hospitali ya watoto, kisha ikazidi kushuka hadi mwaka 1980 maofisa wa forodha walipoikamata San Francisco ikihusishwa na magendo ya dawa za kulevya. Ikazama ikiwa kizuizini. Leo ni makumbusho yanayoelea Oakland. Williamsburg, yoti ya chuma ya Rais Truman, haikupata hata bahati hiyo. Ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu Italia. Kwa hiyo anayesema tatizo lilikuwa mbao tu, amwambie na Williamsburg.

Miaka yenye uhai zaidi kwa Sequoia ni kuanzia Kennedy hadi Nixon. Mei 29, 1963, Kennedy alifikisha miaka 46, na karamu ikafanyika humo mtoni Potomac, usiku wa mvua. Miezi sita baadaye hakuwepo. Inasimuliwa kwamba Lyndon Johnson aliiondoa lifti iliyowekwa kwa ajili ya Roosevelt, mahali pake pakawekwa baa. Na kwamba sakafu ya bafu ilibidi ishushwe kwa sababu ya urefu wake. Nixon ndiye aliyeizoea kuliko wote. Juni 1973 alimpandisha Leonid Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, wakazungumza huku mto ukipita taratibu. Palikuwa na desturi: chombo kikifika mbele ya Mount Vernon, alikozikwa George Washington, kengele inapigwa na watu wanasimama kwa heshima. Agosti 5, 1974, wakati ushahidi wa kanda za sauti umeshammaliza, Nixon aliichukua familia yake wakaenda mtoni. Siku nne baadaye hakuwa rais.

Halafu akaja Jimmy Carter, mkulima wa karanga kutoka Georgia, aliyewaahidi wananchi kwamba hatakuwa mfalme. Alibeba begi lake mwenyewe, akatembea kwa miguu siku ya kuapishwa. Sequoia ilikuwa inakula takriban dola 800,000 kwa mwaka. Akaamuru iuzwe. Mwaka 1977 ikapigwa mnada, ikaenda kwa dola 286,000.

Hebu rudia hesabu hiyo. Bei yake haikufika hata ya matunzo ya miezi mitano. Mimi simlaumu Carter kwa nia. Kiongozi anayeachia anasa wakati wananchi wanabana matumizi anastahili heshima, na huku kwetu tungependa kuwaona wengi zaidi wa aina hiyo. Ila chombo cha mbao hakiachi kula eti kwa sababu umebadilisha jina kwenye hati. Ile laki nane haikufutika. Ilihamishiwa kwa mtu ambaye hakuwa na laki nane. Mwaka mmoja baada ya mnada, Carter mwenyewe alihitaji mahali pa utulivu, mbali na waandishi, ili awakutanishe Sadat na Begin. Alipata Camp David, kambi ya mlimani ambayo hakuiuza. Walikaa siku kumi na tatu wakatoka na makubaliano. Kwamba utulivu una kazi ya kiserikali, alilijua.

Fundi yeyote wa jahazi, awe Lamu au Nungwi, angekueleza kwa nini wanunuzi waliofuata walishindwa. Chombo cha mbao kinataka maji ya chumvi na mkono wa mtu. Baharini mbao zinavimba, zinabanana, kalafati inashika. Ukikipandisha nchi kavu kikakaa miaka, mbao zinakauka na kusinyaa, nafasi zinafunguka hadi unaona mwanga. Na adui mbaya zaidi anatoka juu: maji ya mvua, matamu, yanapenya sitaha, yanatuama kwenye pembe ambako upepo haufiki, na kuvu anaanza kazi. Chini, kama vigingi ni vichache kama ilivyokuwa kwa Sequoia, mkuku unaanza kupinda, omo na tezi zinalegea. Mataruma yakishafuata mkondo huo, huwezi kubadilisha ubao mmoja ukasema umemaliza. Unang'oa kimoja, unakuta kinachofuata nacho hakina roho.

Ndivyo ilivyokwenda. Wamiliki walibadilikana. Wapo waliojitahidi kwelikweli, wakairudisha majini, wakaikodisha kwa karamu. Mwaka 1987 ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, cheo kikubwa sana kwenye karatasi. Cheo hicho hakimlazimishi mwenye chombo binafsi kukitengeneza, wala hakimpi fedha ya kufanya hivyo. Ikaja mikopo, kisha ugomvi kuhusu mikopo, na wakati mawakili wakibishana kuhusu nani ni mmiliki, hakuna aliyekuwa na sababu ya kununua hata kopo la rangi. Rakuni hawakuwa na kesi yoyote, wakaingia.

Mwaka 2019 wamiliki wapya waliipandisha juu ya tishari na kuipeleka kaskazini hadi mji wa Belfast, jimbo la Maine, kwenye karakana ya mafundi wa mbao, ili ijengwe upya. Kujengwa upya hapa maana yake ni sehemu kubwa ya mwili kutolewa na kuwekwa mwingine. Wapo watakaouliza kama hiyo bado ni Sequoia. Swali zuri kwa wanafalsafa, lakini sidhani kama fundi wa Lamu angelipoteza usingizi. Kwake chombo ni umbo na jina, mbao huja na kwenda.

Tatizo ni kwamba mbao zenyewe haziji kirahisi. Misitu ya ule msonobari wa sindano ndefu iliwahi kufunika ekari zipatazo milioni 90 kutoka Virginia hadi Texas. Ilikatwa kwa nyumba, reli, meli na utomvu, na leo imebaki sehemu ndogo sana. Miti mizee, yenye punje zilizobanana, ile iliyopasuliwa kujenga Sequoia mwaka 1925, haiuzwi tena dukani. Fundi anayeitaka inambidi aitafute kwenye viwanda vya zamani vinavyobomolewa, ambako boriti zake bado zimeshikilia paa.