Uzi wa Pili wa Vinasaba: Kutoka Yai la Chura hadi Twiga wa Meru

DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi katika seli, ina nyuzi mbili zilizosokotana na kusomwa kuelekea pande zinazopingana, na wakati mwingine jeni mbili hukaa mahali pamoja, kila moja kwenye uzi wake, zikipishana kwa sehemu. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, David Kimelman na Marc Kirschner, walionesha kwamba katika mayai machanga ya Xenopus, chura wa Afrika, jeni ya FGF2, inayochochea ukuaji wa tishu, ina mwenzake wa namna hiyo, na kwamba nakala zinazotengenezwa kutoka pande hizo mbili, ziitwazo RNA, hushikamana.

Katika miaka ya 1990 mpangilio huohuo ulipatikana kwa kuku, panya na binadamu, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, kwa kuwa ukoo wa chura na wa binadamu ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na ni vigumu kuamini kwamba mpangilio usio na manufaa yoyote ungedumu muda wote huo.

Arusha iliingia katika historia ya jeni za jamii hii ya FGF kupitia twiga, anayekula majani ya migunga chini ya Mlima Meru. Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru mkoani Arusha, pamoja na Douglas Cavener wa Marekani na wenzao, walichapisha jenomu, yaani jumla ya vinasaba, ya twiga na ya okapi wa misitu ya Kongo, wakabaini jeni 70 za twiga zenye dalili za mabadiliko ya pekee. Mojawapo ni FGFRL1, ambayo protini yake hunasa vichocheo vya jamii ileile ya FGF. Na mwaka 2021 watafiti wa China walipoipandikiza jeni hiyo, katika umbo lake la twiga, kwa panya, panya hao walistahimili shinikizo la damu na mifupa yao ikawa imara zaidi.

Shingo ya twiga ina pingili saba, sawa na ya binadamu, hivyo siri ya urefu wake haimo katika idadi ya mifupa bali katika ukuaji wake, ambao huongozwa na jeni za kale. Maabara za Arusha, zilizo jirani na twiga wenyewe, zipewe fedha na vifaa vya kuchunguza pia uzi wa pili wa jeni hizo.