Walker Hakuwa Anatembea Popote

Wasee, hebu fikiria chupa ya Johnnie Walker. Hata kama hunywi, umeona ile picha: jamaa wa kofia ndefu, bakora mkononi, anatembea kwa madoido kama mwenye mji. Picha hiyo ilichorwa 1908, miaka mingi baada ya John Walker kufungua duka lake la vyakula kule Kilmarnock, Uskoti, mwaka wa 1820. Na kwa mpira kuna Kyle Walker, beki mwenye mbio za ajabu. Ukiunganisha, unaona jina limekubali: Walker, mtu wa kutembea.

Kumbe wapi! Walker wa kwanza hakuwa anaenda mahali. Alikuwa amesimama ndani ya hori la mkojo, anakanyaga nguo.

Tulia nikueleze. Uingereza ya zamani ilitajirika kwa sufu ya kondoo. Lakini kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kilikuwa bado hakijaiva. Kina mafuta ya kondoo, kimelegea, upepo unapita katikati ya nyuzi. Kwa hivyo kilitumbukizwa kwenye maji yenye udongo wa kunyonya mafuta, pamoja na mkojo uliowekwa siku kadhaa mpaka ukawa mkali. Amonia iliyo ndani ya huo mkojo ndiyo ilikuwa sabuni yao. Halafu mtu anaingia miguu mitupu, anakanyaga masaa kwa masaa mpaka nyuzi zishikane, kitambaa kinywee na kiwe kizito cha kuzuia baridi.

Huyo mtu kwa Kiingereza cha kale aliitwa wealcere. Jina lilitoka kwa kitenzi wealcan, kilichomaanisha kuviringisha na kurusha huku na huku. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye.

Na kazi hiyo moja ilizaa majina matatu. Kaskazini mwa Uingereza mkanyagaji aliitwa Walker. Kusini mashariki aliitwa Fuller, neno lililotoka kwa Kilatini. Kusini magharibi aliitwa Tucker, kutoka kwa kitenzi cha kale kilichomaanisha kutesa. Yaani nguo ilikuwa inateswa! Kwa hivyo ukikutana na Walker, Fuller na Tucker kwa meza moja, hao ni watoto wa kazi moja.

Sasa jina la kazi lilikuwaje jina la familia? Kabla ya Wanormani kuvamia Uingereza 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu, na ikitosha sana analo la utani. Kijijini kukiwa na kina John watano, majirani wanauliza, "John yupi?" "Yule mkanyagaji." Na jina hilo lilikufa na mwenyewe. Mtoto wake akioka mikate, yeye anaitwa Baker.

Kilichogandisha majina ni karatasi. Wenye mashamba waliandika nani anamiliki nini, mahakama ziliandika nani ameshtakiwa, na mfalme alitaka kodi. Mwaka wa 1377, 1379 na 1381 Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, na makarani wakaandika watu kwa majina. Kufikia karibu 1400 familia nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina la kurithi. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell akaagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Hapo jina likakwama kabisa.

Kichekesho ni kwamba mashine ilikuwa imefika mapema. Kufikia 1185 kulikuwa na vinu vya maji Uingereza, vyenye nyundo za mbao za kuponda nguo. Miguu ikaanza kupoteza kazi. Jina likabaki.

Kwa nini nakusumbua na haya yote? Kwa sababu tuna tabia moja hapa Nairobi. Mtu anaweka jina la Kizungu mbele kwa kila profaili, lile la nyumbani analificha kwa herufi moja na nukta, ati linasikika la ocha. Na jina kama Walker tunalisikia kama la watu wenye pesa. Manze, ni jina la maskini aliyekuwa anarudi nyumbani akinuka choo! Heshima yake haikutoka kwa maana yake. Ililetwa na wale waliokuwa na meli, bunduki na madaftari.

Na hizo meli zilibeba hilo jina mbali. Marekani na visiwa vya Karibi, watu waliotekwa Afrika waliandikwa kwa majina waliyopewa na mabwana. Uhuru ulipokuja, 1838 kwa makoloni ya Uingereza kule Karibi na 1865 Marekani, wengi walibaki na jina la bwana, wengine wakajichagulia. Sarah Breedlove alizaliwa Louisiana 1867, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Jina Walker alilipata kwa mume, na akiwa Madam C.J. Walker akajenga biashara kubwa ya bidhaa za nywele kwa wanawake weusi. Hapo jina la mkanyaga sufu likawa lake, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kukanyaga.

Hata kwetu tumeona jina likiganda. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone mwaka wa 1914. Baadaye akajulikana kwa mshipi wa shanga aliopenda kuvaa, akaitwa Kenyatta. Mtoto wake Uhuru alipokuwa rais, huo mshipi ulikuwa tayari jina la ukoo. Haikuhitaji hata miaka mia moja.

Kwa hivyo ukisikia Wafula, mtoto wa msimu wa mvua, au Kiprono, aliyezaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni, usicheke. Hayo majina angalau yanakumbuka ulizaliwa lini. Muulize shosh yako jina lako lilitoka wapi, na umuulize mapema. Kwetu mengi hayako kwa daftari la parokia. Yako kwa kichwa chake.