Barua pepe ya Homa Bay iliyofika Migori kupitia Marekani

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilipopendekeza ada ya leseni ya kampuni za setilaiti ipande kutoka takriban shilingi milioni 1.6 hadi karibu milioni 15, wengi huku kando ya Ziwa Victoria walidhani ni kisa kipya kilicholetwa na Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti. Kumbe ni ugomvi wa robo karne. Anga haijawahi kugombewa. Kinachogombewa ni lango: nani alishike, na nani alipishwe akipita.

Lango la kwanza lilikuwa Longonot. Kituo hicho cha Bonde la Ufa kilifunguliwa mwaka 1970, dishi lake kubwa likielekezwa kwenye setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi. Kiliendeshwa na Extelcoms, kampuni ya mawasiliano ya nje, kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Baadaye huduma hizo zikamezwa na shirika la posta na simu, KPTC. Mwaka 1999 KPTC ikagawanywa, na Telkom Kenya ikaachiwa ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa hadi 2004.

Biashara yenyewe ilikuwa ya jumla na rejareja. Intelsat, iliyokuwa bado ushirika wa serikali za dunia, iliuza nafasi angani kwa shirika moja la kila nchi. Shirika hilo likawauzia wengine kwa bei yake.

Sasa mchukue mtu wa Homa Bay mwaka 2000 aliyemwandikia barua pepe ndugu yake wa Migori. Kwa matatu kupitia Rongo, angefika kabla chai ya saa nne haijapoa. Lakini kama wawili hao walitumia kampuni tofauti za intaneti, barua ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, ikatua ng'ambo, mara nyingi Marekani, ikapanda tena na kurudi Kenya. Kila hatua ililipiwa kwa dola.

Novemba mwaka huo kampuni za intaneti, chini ya chama chao cha TESPOK, ziliamua kukomesha upuuzi huo. Zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ya Kenya yaishie Kenya. Simulizi ninayoifuata hapa ni ya chama hicho, na msomaji aipokee hivyo. Kwao, ujumbe uliokuwa ukichukua sekunde moja hadi mbili ulianza kufika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Laini ya kilobiti 64 iliyogharimu dola 3,375 kwa mwezi ilishuka hadi 200 kwa data ya humu nchini.

Furaha hiyo ilidumu wiki mbili. Telkom ilishtaki kwa mdhibiti wa wakati huo, CCK, ikidai ukiritimba wake wa mawasiliano ya kimataifa umevunjwa. Hebu fikiri: data inayotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ikaitwa ya kimataifa! CCK ikakiita kituo hicho haramu na kuamuru kizimwe. TESPOK ikajibu kwamba wao ni kundi la wanachama wanaohudumiana wenyewe, hivyo sheria haikuwazuia. Ikafuata karibu mwaka mzima wa makelele magazetini, vitisho vya mahakama na mazungumzo ya pembeni. Leseni ilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 mitambo ikawashwa tena, kampuni tano zikiwa zimeunganishwa.

Ukiritimba uliisha, kebo za baharini zikafika Mombasa mwaka 2009, na setilaiti ikapoteza wateja wake wengi. Ghana ililigeuza dishi lake la zamani la setilaiti la Kuntunse kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Longonot imetajwa mara nyingi katika mipango ya aina hiyo, nasi bado tunataja. Ni aibu.

Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na setilaiti zilizokuwa zikizunguka takriban kilomita 550 tu juu yetu. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya simu ya Safaricom iliiandikia Mamlaka, ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kupitia kampuni za humu nchini. Ilitoa hoja ya mawimbi kuingiliana na huduma kuvuka mipaka bila idhini. Hoja ya mipaka si ya kubeza. Watu wa Isebania, mpakani, wanajua jinsi simu inavyodaka mtandao wa Tanzania bila kuombwa. Ila ile ya kupitia kwa mwenyeji ina sauti ya Telkom ya mwaka 2000.

Mvuvi wa visiwa vya Remba au Ringiti hatapelekewa kebo leo wala kesho, kwa sababu hakuna kampuni itakayorudisha gharama yake huko. Kabla ya kupandisha ada ya aina hii, Mamlaka ije Mbita na Migori iwasikilize wateja, maana mwaka 2000 hakuna aliyewauliza.