Kampala Iliyoko Kati ya Mirihi na Mshtarii

Tarehe 3 Aprili 1935, darubini ya kupigia picha huko Johannesburg ilinasa alama hafifu ambayo haikuwa nyota. Ilikuwa asteroidi, jiwe la angani, na leo inaitwa 1948 Kampala. Namba hiyo haihusiani na mwaka: ni nafasi yake katika orodha ya asteroidi ambazo njia zao zimethibitishwa, na ilitolewa miaka mingi baada ya picha ile. Mkazi wa Ggaba jijini Kampala, pale ufukoni ambako wavuvi hushusha samaki na mitambo husukuma maji ya ziwa kwenda mjini, hawezi kuliona kwa macho hata usiku uwe mweusi kiasi gani. Lakini lipo, linalizunguka Jua kama sisi.

Aliyeligundua ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903, aliyehamia Afrika Kusini utotoni. Alifanya kazi Union Observatory huko Johannesburg, na katika maisha yake aligundua asteroidi 72. Kazi hiyo ilitaka subira kubwa. Eneo moja la anga hupigwa picha mara mbili kwenye vioo, kisha vioo hivyo huwekwa kwenye chombo kinachomwonyesha mtazamaji hiki na kile kwa zamu za haraka. Nyota zote hutulia. Kinachorukaruka ndicho kinachotafutwa.

Kwa nini Johannesburg? Katikati ya mwaka, sehemu ya anga iliyo mkabala na Jua, ambako asteroidi hung'aa zaidi, hupita karibu na utosi wa mji ule, na usiku wa kipupwe huko ni mrefu na mkavu. Ulaya, miezi hiyohiyo, usiku ni mfupi na eneo hilo limeinama karibu na upeo wa macho. Ndiyo maana ugunduzi mwingi wa Jackson ni wa Mei hadi Agosti. Usiku wa 15 Juni 1933 alipata mawe mawili, yakapewa alama za muda: 1933 LA na 1933 LB. L ni nusu ya kwanza ya Juni, A ni la kwanza, B la pili. La kwanza likawa 1278 Kenya, la pili 1279 Uganda. Zikafuata Nyanza na Tana mwaka 1935, kisha Ruvuma, Pemba na Mombasa mwaka 1937. Ramani ya Afrika Mashariki ilikuwa inapanda angani jina baada ya jina.

Ilikuwa ramani ya wakoloni, na hilo lisifichwe. Mwaka 1935 Kampala haikuwa hata makao ya serikali. Yalikuwa Entebbe. Hakuna Mganda aliyehusika katika ugunduzi ule. Hata hivyo mimi nayapenda majina hayo, na sioni sababu ya kuyaacha yawe mali ya waliotutawala.

Uhusiano wetu na mawe haya haukuishia kwenye majina. Alasiri ya 14 Agosti 1992, kimondo kilipasuka juu ya Mbale, mashariki mwa Uganda, na mawe yakamwagika mjini na mashambani. Kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Kipande kidogo, chini ya gramu 4, kiligonga majani ya mgomba kikapungua kasi, kisha kikamwangukia mtoto kichwani bila kumjeruhi. Mawe ya Mbale ni ya aina ya kondriti, mabaki ya asteroidi iliyovunjika zamani, yenye madini yaliyoanza kuundwa pamoja na Jua letu, miaka karibu bilioni 4.5 iliyopita. Utafiti wa mawe hayo ulichapishwa mwaka 1994, na miongoni mwa waandishi wake, pamoja na wataalamu wa Ulaya, yumo Barifaijo, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere.