Mzigo Uliopita Kwihara

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara ni mwendo mfupi kwa pikipiki, lakini sisi tulipenda kutembea. Njia ni ya mchanga, nyumba ni chache, na asubuhi nzima tulisikia njiwa tu na kengele ya baiskeli ya muuza mkaa. Wapendwa, ni vigumu kuamini kwamba mahali pakimya namna hii palikuwa njia panda ya nchi nzima. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kwenda Ujiji au kupanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu mabegani, kwa ujira wa nguo. Wengine walipita wamefungwa minyororo.

Tembe la Kwihara limejengwa upya kwa kumbukumbu ya David Livingstone. Alifika na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, yeye akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Hayo tuliyasoma shuleni. Sisi tulivutwa na msafara mwingine, wa Oktoba 1873, ambao shuleni ulipewa sentensi moja.

Livingstone alikufa Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, ofisa Mwingereza, akawashauri wauzike hapa hapa. Shauri hilo halikuwa baya. Lakini watumishi hao, ambao bwana wao hakuwapo tena kuwaamuru, wakakataa.

Walipoendelea mashariki, huko Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wakaufunga mwili upya ufanane na robota la nguo, wakafunga mabua ya mtama kama maiti, na watu sita wakayabeba kurudi Unyanyembe, eti kwenda kuzika. Usiku wakayatupa porini. Tulibishana sana njiani tukirudi: je, huo si uongo? Mwenzetu mmoja aliwataja wakunga wa Kiebrania mbele ya Farao. Mwingine alisema wanakijiji nao walikuwa na haki ya kuogopa. Hatukupatana.

Bagamoyo walifika Februari 1874. Waingereza wakauchukua mwili, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi hawakuwapo; walipelekwa Uingereza baadaye. Tukumbuke pia kwamba Susi alibatizwa mwaka 1886, miaka zaidi ya kumi baada ya kazi hiyo. Sisi tunaouliza kwanza cheti cha ubatizo kabla ya kumpa mtu kazi kanisani, hapo tulinyamaza kidogo.

Aliyehudhuria maziko ni Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa na misheni kule India. Ndiye aliyesoma ibada kwa Chitambo na kuchonga maandishi kwenye mti. Alibeba jeneza Westminster pamoja na wakubwa, kisha akarudi Afrika. Alifariki mwaka 1892 huko Urambo, katika kituo cha misheni, magharibi ya hapa.

Treni ya Kigoma husimama Urambo. Safari hii hatukuwa na nauli ya kutosha wote, tukarudi Tabora kwa miguu.