Ndui na Majina Yake Maktabani

Atakaye kuandika historia ya ndui huanzia, kwa desturi, kwenye rafu za tiba. Huko hukikuta kitabu kizito cha Shirika la Afya Duniani, kilichotoka mwaka 1988, chenye kurasa zaidi ya 1,400, kinachosimulia jinsi maradhi hayo yalivyofutwa duniani. Ni kazi ya kutegemewa, ila kwa mtu wa visiwani haitoshi.

Inambidi ahamie rafu ya masimulizi ya maisha. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886. Humo anaeleza kwamba ndui ilikuwa haiondoki Unguja, na kwamba mgonjwa aliyeenea vidonda mwili mzima alitandikiwa majani ya mgomba. Mtafiti anayefuata neno “ndui” katika orodha ya vitabu hatafikishwa hapo; hana budi kufungua kurasa mwenyewe.

Mtihani mkubwa zaidi uko katika majina. Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad, alitunga risala juu ya al-judari na al-hasba, yaani ndui na surua, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Maumivu ya mgongo, asema, ni dalili ya ndui zaidi. Wahaka na kichefuchefu huzidi katika surua. Risala hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na William Greenhill mwaka 1848. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo mawili (nayo ni rahisi kuchanganyika), atawazika watu kwa maradhi yasiyowaua.

Wala si watu wa kale tu waliotatizwa na kutambua kipi ni kipi. Mwezi Oktoba 1977, huko Merca, mji wa pwani ya Somalia, kijana Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari lililochukua watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache. Baada ya siku kama kumi akashikwa na homa, akatibiwa malaria. Vipele vilipotoka ikasemwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Jina la kweli lilipojulikana, watu zaidi ya 54,000 walichanjwa katika muda wa wiki mbili.

Maalin alipona. Mwaka uliofuata ndui iliyotoka maabara iliua mtu Birmingham, Uingereza. Lakini kwa njia ya asili, hakuna aliyeugua baada yake, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Yeye alifariki mwaka 2013, akiwa katika kazi ya kuhimiza chanjo ya polio. Lau daftari la hospitali lingefungwa siku ile ya kwanza, mtafiti wa leo angemkuta katika safu ya wenye malaria, mstari mmoja kati ya mingi.