Kimeng'enya cha Mhogo: Kutoka Kinu cha Ruvuma hadi Maabara ya Stuttgart

MAHURUNGA, Mtwara Vijijini. Katika bonde la Ruvuma hulimwa mpunga, na kwenye ardhi ya mchanga iliyoinuka hupandwa mhogo. Mvua ikigoma, mpunga hukauka, na makopa, yaani mhogo uliokaushwa, ndiyo yanayovusha kaya hadi msimu mwingine. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, hali ni hiyohiyo. Pande zote mbili zinamtegemea mfanyakazi asiyeonekana: kimeng'enya kiitwacho linamarase.

Mhogo ni mgeni. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16 wakauingiza Afrika kwa pwani ya magharibi, na kufikia karne ya 18 ulikuwa umefika pwani yetu. Wakulima waliupokea kwa sababu unastahimili ukame, na ule mchungu hausumbuliwi sana na nguruwe wala nyani. Uchungu wake huambatana na linamarini, kiini kilichoficha sumu ya sayanaidi, ambacho huongezeka ukame unapozidi.

Mmea huo umebeba pia dawa ya sumu yake. Linamarini hukaa ndani ya seli, linamarase hukaa kwenye kuta za seli, na mhogo ukiwa mzima havikutani. Mchi ukishuka kinuni, kuta huvunjika, na kimeng'enya huikata linamarini. Mwisho wake ni gesi ya sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi. Jua la Mtwara linatosha kuifukuza. Wanawake wa pwani waliijua kazi hii kwa mikono yao vizazi vingi kabla wanakemia hawajaipa jina.

Ila kimeng'enya hudai maji na muda, na njaa hukinyima vyote viwili. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu katika wilaya ya Memba, mkoani Nampula, Msumbiji. Ulikuwa ugonjwa wa konzo, ambao daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuelezea Kongo mwaka 1938, na ambao hauponi. Hans Rosling, daktari Mswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa walioufuatilia hadi kwenye mhogo usioandaliwa vya kutosha.

Upande wetu wa mto, mwaka 1988, chakula kilipoadimika watu wa Masasi walipata sumu ya ghafla. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake walikuta chanzo kwenye chinyanya, njia ya mkato ya kutwanga mhogo mbichi na kuuanika upesi, badala ya kungoja makopa yakauke taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka katika vijiji vya Mtwara na Mbinga.

Jibu lilitoka kwa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Alionyesha kwamba kwenye unga mkavu wa mhogo kimeng'enya bado kipo, kinangoja maji tu. Unga huloweshwa, hutandazwa uwe mwembamba usiozidi sentimita moja, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Mlingi na Bradbury walishirikiana kuifikisha njia hii kwa kina mama wa kusini.

Wakati huohuo mhogo ulikuwa umeingia viwandani kwa mlango mwingine. Majani yake yana kimeng'enya cha pili, ambacho huharakisha hatua ya mwisho ya kutoa sayanaidi. Katika Chuo Kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, Franz Effenberger na wenzake walikigeuza kifanye kazi kinyumenyume: kuunganisha badala ya kuvunja. Jeni ya mhogo ilipandikizwa kwenye bakteria ili wakizalishe kwa wingi. Mwaka 2003 walitangaza kuwa wamebadilisha kiungo kimoja tu cha protini hiyo, kile cha namba 128 kilichobana mlango wake, nacho kikaweza kupokea molekuli kubwa zaidi. Zao mojawapo ni sehemu muhimu ya dawa za kuua wadudu za jamii ya deltamethrini, inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu.

Viwanda hutamani vimeng'enya kwa sababu hufanya kazi kwenye joto la kawaida na huacha taka chache. Sifa hizohizo ndizo zinazomfaa mama asiye na kuni za ziada. Tofauti ni kwamba mtafiti wa Stuttgart alilipwa kukipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi, ilhali familia yenye njaa hainunui hata saa 2. Kwa hiyo ujumbe wa kulowesha unga usisubiri wagonjwa. Upelekwe vijijini pamoja na tangazo la kwanza la upungufu wa mvua, kabla watu hawajaanza kukatisha njia.